Feni ya Sura ya Tatu

Mama mkwe alikirusha kitabu juu ya meza ya jikoni, kikateleza mpaka ukingoni mwa beseni la viazi, kikaning'inia hapo nusu ndani nusu nje.

"Umeniibia," alisema.

Mwandishi alitupa kisu akakidaka kitabu kabla hakijaloa. Kilikuwa kitabu chake mwenyewe, riwaya yake ya nane ya upelelezi, bado kinanukia wino. "Nimekuibia nini, mama?"

"Macho yangu. Nimesoma mpaka shingo imekakamaa, halafu mwishoni huyo Inspekta wako ananitolea muuaji kwapani kama mtu wa mazingaombwe anavyotoa njiwa. Karani! Kwa nini karani? Eti kwa sababu ya feni. Feni gani, mwanangu?"

"Feni ya sura ya tatu."

"Sura ya tatu haina feni."

"Inayo, mama."

"Haina. Nimekula chumvi nyingi, lakini kusoma sijasahau."

Bibi huyu alikuwa amestaafu kazi ya muuguzi mkuu wa wodi, na alisoma riwaya kama alivyokuwa akipokea ripoti ya zamu: hakumwamini mtu. Kila kitabu cha mkwewe kilipotoka, nakala ya kwanza ilikuwa yake. Alikisoma na penseli mkononi, na kabla ya kufungua sura ya mwisho alikuja jikoni kutangaza muuaji. Mara nyingine alipatia, mara nyingine alikosea, na akikosea alirudi nyuma kutafuta mahali alipopitwa. Akipaona alicheka mpaka machozi. "Mshenzi wewe," alimwambia mkwewe, "kumbe ulikiweka mbele ya pua yangu!" Hakuna sifa nyingine ambayo mwandishi aliithamini kuliko ushenzi huo.

Leo mama mkwe hakucheka. Alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anangoja maelezo.

Mwandishi alijifuta mikono, akafungua sura ya tatu. Alijua mahali penyewe kama anavyojua swichi ya taa ya chumbani kwake. Alisoma:

"Sikusikia kitu," karani alijibu. "Nilikuwa nimelala usingizi mzito."

Alisoma tena. Akageuza jalada kuhakikisha ni kitabu chake. Akasoma mara ya tatu, polepole, kidole kikifuata maneno.

Hakuwa ameandika hivyo. Alikuwa ameandika: "Sikusikia kitu. Feni ilikuwa inapiga kelele kama trekta."

"Nimekwambia," mama mkwe alisema, safari hii kwa sauti ya chini, kwa sababu alikuwa ameuona uso wa mkwewe ukibadilika.

Watoto wa mtaani walimwita mwandishi Mama Maiti, kwa kuwa vitabu vyake vyote vilianza na maiti, naye aliitika bila kununa. Lakini ukweli ni kwamba hakuanza na maiti. Alianza na uongo. Kwanza alitafuta uongo mmoja ambao muuaji angeusema, mdogo, wa kawaida, ambao mtu yeyote angeupita bila kugeuka. Kisha, mbali na hapo, alimtafuta mtu asiye na habari wala faida yoyote, akamtia mdomoni ukweli unaoukanusha. Katika kitabu hiki mtu huyo alikuwa mlinzi wa sura ya tano, aliyelalamika kwamba siku ya kifo alishinda akibeba maji kwa ndoo, maana umeme ulikatika tangu adhuhuri mpaka kesho yake asubuhi na pampu ikafa. Mlinzi alikuwa analilia mgongo wake tu. Ila msomaji makini angesimama hapo na kujiuliza: kama umeme haukuwepo, feni ya karani ilizungushwa na nani?

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yake na wasomaji. Chochote anachokijua Inspekta, na wao wamekwisha kupewa. Wakishindwa, wameshindwa kihalali. Kwa ajili ya feni hiyo alikuwa amekaa chumbani kwa mdogo wake na feni kuukuu imewashwa hadi mwisho, huku mdogo wake akipiga mayowe uani, ili ajue kwa yakini kama kelele za feni zinaweza kumeza ukelele wa mtu. Majirani walikuja mbio na mapanga. Feni haikumeza kitu, mayowe yalisikika yote. Kwa hiyo akaifanya ya karani kuwa mbovu zaidi, yenye bawa lililopinda linalogonga kava. Alifanya kazi kwa namna hiyo. Na sasa mtu asiyemjua ameingia ndani ya sura ya tatu, akazima feni, akatoka.

"Unakwenda wapi? Viazi je?" mama mkwe aliuliza.

"Vimenye wewe, mama. Au vitupe."

Kampuni iliyochapa vitabu vyake ilikuwa na ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi: vyumba viwili na ghala kubwa kwa nyuma. Mwenyewe alikuwa mume wa mdogo wake. Riwaya zilikuwa kama kitoweo tu kwake. Aliishi kwa vitabu vya shule. Mwandishi alipanda ngazi mbili mbili, hakumtafuta shemeji, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Mhariri.

Mhariri alikuwa mtu nadhifu wa makamo, shati limenyooshwa, kalamu nyekundu tatu mfukoni zimejipanga kama askari. Aliinuka akitabasamu.

"Karibu, dada! Kitabu kimetoka safi, sivyo?"

"Nani ametoa feni?"

Tabasamu lilipanuka. "Ah! Umeiona. Nilijua ipo siku utaniambia ahsante."

"Ahsante?"

"Hebu fikiria wasomaji wangekucheka vipi. Sura ya tatu karani anasema feni inapiga kelele. Sura ya tano mlinzi anabeba ndoo, pampu imekufa, umeme hakuna. Nikajisemea, dada yangu kachoka, kapitiwa. Nikakusitiri. Kimya kimya, hata shemeji yako sikumwambia."

"Ulinisitiri."

"Ndiyo kazi yetu."

"Na haikukujia hata kidogo akilini kwamba karani alikuwa anadanganya?"

"Karani adanganye kwa nini?"

"Watu huwa wanadanganya kwa nini, kaka, katika nyumba yenye maiti?"

"Usiniambie," Mhariri alisema, na hapo akafanya jambo ambalo mwandishi asingeliamini kama angesimuliwa. Aliziba masikio kwa viganja vyote viwili. "Usiniambie! Sijafika mwisho!"

Chini dukani mtu alikuwa anakata bomba kwa msumeno.

"Rudia," mwandishi alisema.

"Nilipewa sura saba za mwanzo. Zilizobaki alipewa mwenzangu, tufanye kwa pamoja tuwahi likizo ya shule. Ningeweza kuziomba, lakini..." Alishusha mikono, amejawa na haya kidogo, ila si ya kutosha. "Mimi ni mpenzi wa vitabu vyako, dada. Sikutaka kujiharibia uhondo. Nilisema nitangoja kitoke, nikisome nyumbani kwa nafasi yangu."

"Umehariri hadithi ya upelelezi bila kujua nani kaua."

"Lugha niliinyoosha yote."

"Ni karani!" mwandishi alipiga kelele, na msumeno wa chini ukanyamaza. "Karani ndiye kaua! Kaua kwa nyundo ya kung'olea misumari, na feni ndiyo iliyomuumbua, na wewe umeingia humo ukamfutia uongo wake kama wakili! Umemtetea muuaji! Kitabu kizima, kaka, ushahidi ulikuwa huo mmoja!"

Mhariri alikaa. Uso wake ulionyesha huzuni ya kweli, na mwandishi, kwa hasira mpya, alitambua kwamba nusu ya huzuni hiyo ilikuwa ya mtu aliyeambiwa mwisho wa hadithi.

Kelele zilimtoa shemeji chumbani kwake. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye imani kwamba hakuna ugomvi usioweza kumalizwa kwa kuvuta kiti.

"Shemeji, kaa kwanza. Maji?"

"Sitaki maji. Niliomba mara mbili nisome nakala ya mwisho kabla haijaenda mitamboni. Ukaniambiaje?"

"Nilikwambia tunakimbizana na muda."

"Ulisema, 'Shemeji, tuamini.'"

Shemeji alisikiliza habari yote, akijikuna kidevu. Mwisho akauliza swali ambalo kwake lilikuwa la busara. "Sasa nani atagundua?"

"Mama mkwe kagundua."

"Mama mkwe wako si kipimo. Siku ya harusi yangu aligundua kwamba koti nililovaa ni la kuazima. Nazungumzia watu wa kawaida."

"Watu wa kawaida ndio wanaonisoma. Wanajua nikisema feni, ilikuwepo. Nikiwapunja mara moja tu, nitakuwa kama wale wengine wanaomleta pacha aliyepotea ukurasa wa mwisho. Vitabu viko wapi?"

"Ghalani. Vinatoka Jumatatu."

"Havitoki."

"Shemeji..."

"Havitoki hivyo."

Hapo Mhariri, aliyekuwa ameinamisha kichwa, alikiinua, amepata nguvu. Alikuwa mtu asiyeweza kukaa mbele ya kosa bila kulisahihisha, hata likiwa lake. "Tutie kikaratasi cha masahihisho! Kidogo tu, ndani ya jalada. Ukurasa wa hamsini na nane, badala ya usingizi, soma feni. Dakika mbili."

Mwandishi alimgeukia. "Msomaji anafungua kitabu. Hajamjua hata marehemu. Kitu cha kwanza anachosoma ni kwamba karani ana feni, na feni hiyo ni ya maana kiasi cha kuchapiwa karatasi yake. Umeona ulichofanya?"

Mhariri aliona. Alirudisha kichwa chini.

"Basi tukate ukurasa," shemeji alisema. "Tunachapa karatasi hiyo moja upya, tunaikata ya zamani, tunabandika mpya kwa gundi. Tumewahi kufanya hivyo kwenye kitabu cha jiografia, mto ulikuwa umepanda mlima."

"Na gundi inaonekana?"

"Kidogo. Karatasi inakuwa imesimama hivi, ngumu ngumu."

"Basi ni yale yale. Kitabu kitakuwa kinafunguka chenyewe pale pale karani anapodanganya. Mtoto wa darasa la nne atajua."

Jambo lililomchoma mwandishi kuliko yote ni kwamba lilikuwa fumbo zuri. Angekuwa amelibuni yeye mwenyewe, angejipongeza. Kosa lisilowezekana kusahihishwa, kwa kuwa kulisahihisha ni kulitangaza. Alitembea mpaka dirishani akarudi. Hakuwa na hamu ya kustaajabia chochote. Alitaka kuvunja kitu, na vitu vyote vya chumba kile vilikuwa vya mume wa mdogo wake.

"Washukiwa wangu ni watano," alisema mwishowe. "Mjane, kaka wa marehemu, dereva, mlinzi na karani. Kila mmoja ana mahali anapohojiwa. Tunakata karatasi tano. Kila mshukiwa moja."

Shemeji alikunja uso. "Hizo nyingine nne zina kosa gani?"

"Hazina."

"Nichape upya karatasi nne zisizo na kosa?"

"Na uzibandike vibaya vile vile. Gundi ikimshuku karani, imshuku na mjane."

Shemeji alitaka kucheka, akaona si mahali pake. Alitoka, akapiga simu kiwandani, akabishana, akarudi anajifuta jasho. Wamekubali. Ila palikuwa na tatizo moja, naye alilieleza akitazama kiatu chake. Wenye maduka wasingepokea vitabu vilivyobandikwabandikwa bila maelezo. Wangevirudisha wakisema ni vibovu. Ilibidi kupigwa muhuri ndani ya jalada, mstari mmoja, kueleza sababu.

"Andika ukweli," mwandishi alisema. "Makosa ya uhariri."

Mhariri alipauka. "Dada, jina langu liko ukurasa wa pili."

"Najua liliko."

"Si jina lake tu," shemeji alisema. "Jina hilo hilo liko kwenye vitabu vyangu vya hesabu na sayansi. Shule zikisikia mhariri wetu anakosea kurasa tano, nimekwisha. Mimi, mdogo wako, wanao, sote." Aliita watoto wake "wanao" alipokuwa na shida. "Na kuna jambo jingine, fikiria mwenyewe, wewe una akili ya mambo haya. Ukisema mhariri kaharibu, wasomaji watauliza, kaharibu nini? Kaondoa nini? Watawinda. Ukisema mwandishi kakosea, watadhani ni nukta na mikato. Nani anawinda nukta?"

Alikuwa sahihi. Mwandishi alilipima jambo lile kila upande, kama alivyopima feni, akitafuta ufa, na hapakuwa na ufa. Alikuwa hajawahi kuchapisha kosa. Watu walimwandikia kumuuliza kama kweli sumu fulani ina ladha, kama kweli treni ile husimama dakika zile, na walimwandikia kwa sababu walijua alikuwa ameuliza kwanza. Hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo. Na sasa ilibidi achague: alinde sifa yake, au alinde usiku ule mmoja ambao msomaji asiyemjua atasimama katikati ya sura ya tano, ndoo ya mlinzi mkononi, na kusema, ngoja kwanza.

"Lete karatasi," alisema.

Aliandika kwa mkono wake, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine: *Baadhi ya kurasa zimebandikwa upya kutokana na makosa ya mwandishi.* Akamsogezea Mhariri.

"Na hii usiinyooshe."

"Dada, mimi sina neno la..."

"Basi usiseme neno. Jumamosi uje ghalani na mikono yako."

Alikuja. Alivaa shati kuukuu, akakaa mwisho wa meza ndefu pamoja na akina mama watatu wa kiwanda cha kujalidi vitabu, akapaka gundi kimya. Mwandishi alikaa upande wa pili na rula ya chuma na kisu chembamba. Hakumwamini mtu kukata ukurasa wa hamsini na nane; alikata mwenyewe, nakala baada ya nakala, akiacha ukanda mwembamba kwenye mshono wa kushikia karatasi mpya. Kila alipokata, usingizi mzito wa karani ulidondoka sakafuni. Alidhani kitendo hicho kingempoza. Hakikumpoza. Kitabu kilichotoka mikononi mwake kilikuwa kimevimba ubavuni, karatasi tano zimesimama kama kola iliyopigwa wanga, na kila alipokiweka kwenye rundo alitamani kukitupa dirishani.

Mtu wa stoo, kijeba mwenye sauti ya kupaza, alikuwa akifunga maboksi kwa kamba. Alikuwa amejichukulia nakala moja iliyokwisha kubandikwa, na kila baada ya boksi alisoma ukurasa akiwa amesimama. Mchana ulipofika alifungua jalada, akaona muhuri, akausoma kwa sauti nzima ghala lisikie.

"Makosa ya mwandishi! Karatasi tano! Jamani, huyu mwandishi alikuwa anaandika huku anafukuzwa na mbwa?" Akina mama wa gundi walicheka. "Ni nani huyu? Anajulikana?"

Brashi ya Mhariri ilisimama hewani.

"Ni mimi," mwandishi alisema.

"Wewe? Mama, samahani. Utani tu." Lakini hakuwa mtu wa kuacha jambo. Alisogea, akainama kumwangalia vizuri. "Ila niambie, maana mimi napenda kujua. Ulikosea nini hasa? Nimesoma hizi karatasi mpya mbili, naona ziko sawa tu."

Mwandishi alimtazama Mhariri kule mwisho wa meza. Mhariri alikuwa amekodoa macho kwenye kopo la gundi, masikio yamemwiva. Sentensi moja ingetosha. Alikuwa nayo tayari, imekamilika, kila neno mahali pake, na ilikuwa kweli tupu.

"Umefika wapi?" alimuuliza mtu wa stoo.

"Sura ya tano. Mlinzi ananung'unika, anabeba maji." Alipiga jalada kwa kiganja. "Mimi namshuku dereva. Macho yake siyapendi."

Mwandishi aliimeza sentensi ile.

"Nilikuwa na haraka," alisema. "Nikakosea. Mambo madogo madogo."

"Haraka!" Mtu wa stoo alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Mimi nikifunga maboksi kwa haraka nafukuzwa kazi. Nyinyi wasomi mna raha yenu."

Akina mama walicheka tena. Rula ilikuwa imemwachia mwandishi mstari mwekundu kiganjani kwa jinsi alivyoikandamiza. Mtu wa stoo alirudi kwenye maboksi yake, akaegemea, akafungua kitabu, midomo ikitembea anaposoma. Mwandishi hakumwondolea macho. Alimwona akigeuza karatasi. Alimwona akisimama, akikunja uso, akirudi nyuma ukurasa mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine tena, kidole kikiitafuta feni.

"Ngoja kwanza," mtu wa stoo alisema, peke yake.

Mwandishi aliinamisha kichwa haraka, meno ameyauma asije akasema kitu, akavuta nakala nyingine na kukata.